UZI: Wepesi umekula vita vyote mezani kwetu. Nani ana kanuni ya nyumbani inayofanya kazi?

#1 Darini_Langoni
Salaam wandugu. Tuko sita, tunacheza Dungeons & Dragons toleo la tano, ule mchezo wa kusimulia hadithi kwa dadu, vitabu vile vya 2014, kila Alhamisi baada ya isha juu ya dari ya nyumba moja hapa Langoni, Amu. Mimi ndiye msimulizi. Sifa sita tumezifasiri wenyewe: Nguvu, Wepesi, Siha, Akili, Busara, Haiba. Nazitaja mapema tusije tukapotezana.

Shida ni Wepesi. Mwenye nao analenga kwa huo, anaumiza kwa huo, anakwepa kwa huo, anawahi zamu kwa huo, anaruka moto wa joka kwa huo, ananyemelea kwa huo, na mfukoni mwako anaingia kwa huohuo. Mwenye Nguvu anapiga na kubeba mizigo. Basi. Wachezaji wangu wanne kati ya watano wana Wepesi 16 kwenda juu na wote wana upinde. Wa tano, rafiki yangu toka chuoni kwa maalim, alitengeneza mpiganaji wa Nguvu mwenye upanga wa mikono miwili na deraya ya pete za chuma. Vikao vitatu mfululizo kazi yake ilikuwa kukimbilia adui, na akifika anamkuta maiti imejaa mishale. Kikao cha nne akasema hawezi kuja, anapaka deheni mashua ya mjomba wake. Usiku! Nikajua ametukimbia.

Nimewaza kanuni tatu:
(a) silaha nyepesi na upinde zilenge kwa Wepesi, lakini madhara yaongezwe kwa Nguvu;
(b) dadu ya kuanza, ile ya kuamua nani anatangulia, itumie Busara, si Wepesi;
(c) upinde mrefu udai Nguvu 13.

Nataka waliojaribu, si waliosoma tu.

#2 Podo_Tupu
Mimi ni mmoja wa hao wanne. Msimulizi wetu amesahau kuwaambia kwamba ni yeye anayetuletea maadui kutoka mbali, mchana kweupe, kwenye mchanga mtupu. Tuwasubiri tuwape mkono?

#3 Mkomani_Juu
Nimeteka hapo #2 mpaka kahawa imenimwaikia.

#4 Siyu_Chuma
(a) si mpya. Toleo la tatu na 3.5 ndivyo lilivyokuwa: kutumia Wepesi kulengea upanga mwembamba ilikubidi ununue kipaji maalumu, na hata ukikinunua madhara yalibaki ya Nguvu. Upinde nao haukukupa kitu kwenye madhara mpaka uwe na ule wa kuungwa, uliotengenezwa kwa kiasi cha nguvu za mwenyewe, na ule mrefu uliongezeka bei sarafu 100 za dhahabu kwa kila alama ya Nguvu. Toleo la tano likafuta yote mawili kwa mpigo mmoja, halafu tunashangaa. Rudisha tu.

Na (c) tayari ipo kwenye vitabu vya 2024, silaha nzito zinadai Nguvu 13.

#5 Fundi_wa_Namba
Malindi hapa. Siyu_Chuma, nusu uko sawa. Vitabu vya 2024 vinadai Nguvu 13 kwa silaha nzito za *mkononi*. Silaha nzito za *mbali*, upinde mrefu ukiwemo, zinadai Wepesi 13. Yaani wamemwomba mpiga upinde kitu ambacho tayari anacho.

Sasa tuweke hesabu kabla ya hasira. Ngazi ya kwanza, sifa kuu inaongeza +3 kwenye dadu, ujuzi +2, adui ana kinga 15, yaani ukifika 15 pigo limempata.

Upanga wa mikono miwili: anahitaji 10 kwenda juu kwenye dadu ya ishirini, yaani mara 55 kwa 100. Akipata ni dadu mbili za sita na 3, wastani 10. Kwa hiyo 5.5 kwa zamu.

Upinde mrefu, aliyechukua mtindo wa wapiga upinde (+2 ya kulenga): anahitaji 8, mara 65 kwa 100. Akipata, wastani 7.5. Kwa hiyo 4.9 hivi.

Pigo la 20 (linalozidisha madhara) sijalitia, halibadilishi sura. Mnaona? Mwenye upanga anashinda. Ila mpiga upinde anapiga toka futi 150 na mwenzake anakwenda futi 30 kwa zamu, 60 akitimua mbio bila kupiga. Adui akiwa futi 120, mmoja amefyatua mara mbili na mwingine bado anahema. Faida iko kwenye *umbali*. Wepesi wenyewe hauna kosa hapo.

Ukiweka (a), na mpiga upinde ana Nguvu ya kawaida, 4.9 inakuwa 2.9. Umemkata asilimia 40. Mnyemeleaji, anayeongeza dadu ya sita ya kuvizia, kwa upanga mwembamba anatoka 11 hadi 8 kwa kila pigo linalopata, anaumia kidogo. Na mtawa, mhusika wa kupigana mikono mitupu, maskini ya Mungu, ngumi yake inatoka 5.5 hadi 2.5. Kanuni yako inalenga wapiga upinde halafu inamuua mtawa, ambaye hakuna mtu aliyewahi kulalamika kwamba ana nguvu kupita kiasi.

#6 Darini_Langoni
Ahsante kwa hesabu. Mtawa hatuna mezani, kwa hiyo huyo afe tu. Na kinga je? Wepesi unampa kinga bure.

#7 Fundi_wa_Namba
Si bure na si kubwa. Ngozi yenye vishikizo vya chuma ni 12 na Wepesi wake: 15, kwa sarafu 45. Deraya ya pete ni 16 kwa sarafu 75, na mpiganaji anapewa akianza. Deraya kamili ya bamba ni 18. Mwenye Wepesi hata akifika +5, ambayo ndiyo kilele, anaishia 17. Rafiki yako alikuwa na kinga bora kuliko wote juu ya dari hiyo. Ila hakuna aliyempiga ajue.

#8 Podo_Tupu
Hakuna aliyempiga kwa sababu tulikuwa tumeshawaua. Mnatulaumu kwa kumlinda!

#9 Siyu_Chuma
Na deraya ya bamba ni sarafu 1,500 na ratili 65 mgongoni. Msimulizi gani hapa Amu anatoa dhahabu hiyo? Sisi wetu hutoa tende.

#10 Mkomani_Juu
Mimi nasema kosa liko kwenye ramani. Darini, wewe umezaliwa Amu, unaishi Amu, vita vyako vyote unavipigisha uwanja wa ndege wa Manda. Kwa nini? Ndia za mui huu zimepinda, huoni hatua ishirini mbele yako. Punda wawili wenye mizigo wakikutana mmoja hurudi kinyumenyume. Mtu na upinde wake mrefu amesimama usita wa mui, ile ndia kuu, analenga nini? Ukuta. Na juu kuna wikio, lile daraja la nyumba kwa nyumba, na mbele yake yuko mwenzake.

Na hapo iko kanuni ambayo nina yakini hamuitumii: kiumbe akisimama kati ya mshale na adui, adui anapata +2 ya kinga. Akijificha robo tatu yake, +5. Adui akiwa amekugusa, kufyatua ni kwa hasara: unatupa dadu mbili unachukua ndogo. Adui akilala chini, mshale toka mbali ni kwa hasara vilevile. Zote hizo zimo kitabuni. Huhitaji kanuni ya nyumbani, wahitaji nyumba.

#11 Podo_Tupu
Nina kipaji cha mlengaji. Hiyo +2 na +5 kwangu hazipo. Pole.

#12 Mkomani_Juu
Ukuta mzima je? Kipaji chako chatoboa matumbawe?

#13 Mama_Mahamri
Haya, huyu Podo ametoboa jipu mwenyewe. Kipaji hicho cha 2014 kinafuta kinga ya kujificha, kinafuta hasara ya umbali, na juu yake kinakuruhusu upunguze 5 kwenye kulenga uongeze 10 kwenye madhara. Ukiwa na ile +2 ya mtindo wa upinde, hiyo -5 inabaki -3. Tafuta mwizi hapo. Waliotunga wenyewe waliliona: mwaka 2024 hiyo ya 5 kwa 10 waliitoa. Darini, usiguse Wepesi, mnyang'anye Podo kipaji.

Kuhusu (b), mimi NIMEJARIBU, uliomba waliojaribu. Nasimulia meza ya watu wanne Malindi, wengi wetu wanawake, tunacheza Jumamosi jioni watoto wakiwa kwa bibi yao. Tulihamisha dadu ya kuanza kwenye Busara. Miezi miwili ya kwanza raha. Baadaye tukaona kila vita kinafunguliwa na kasisi. Kila vita. Anawafunga maadui kwa dua, sisi wengine tunakuja kuokota. Tukahamisha kwenye Akili, ikawa mchawi anatupa mpira wa moto kabla hatujavua viatu. Tulimwondoa sultani tukaweka liwali.

Tulipo sasa: upande mmoja dadu moja, upande wa pili dadu moja, anayeshinda wote wake wanatangulia kwa mpangilio wanaoutaka. Haina sifa yoyote ndani yake. Ni ya zamani kuliko mabishano haya, na kitabu cha msimulizi cha 2014 kinayo kama hiari. Ubaya wake ni kwamba upande ukishindwa unaweza kupigwa vibaya kabla ya kusema bismillahi. Mwanzoni tulipoteza wahusika wawili jioni moja.

#14 Fundi_wa_Namba
Mama Mahamri, mnaitia thamani kubwa dadu ya kuanza. Mwenye +3 dhidi ya mwenye 0 anatangulia kama mara 62 kwa 100. Asiye na kitu bado anawahi mara moja kati ya tatu. Si ufalme huo.

#15 Mama_Mahamri
Mwalimu, 62 kwa 100 kwenye karatasi. Mezani ni yule yule kila wiki.

#16 Mgeni_Tanga
Wakuu, natokea Tanga, nimepita. Mnapigana na mfumo mmoja kana kwamba duniani hakuna mwingine. GURPS, toleo la nne la 2004, walifanya jambo moja tu: Wepesi ni pointi 20 kwa ngazi, Nguvu ni 10. Kwisha. Kitu kinachofanya kazi nyingi kiuzwe ghali. Pathfinder toleo la pili, 2019, dadu ya kuanza kwa kawaida ni ya umakini wa kuona na kusikia, na upanga mwembamba unalenga kwa Wepesi lakini unaumiza kwa Nguvu, isipokuwa aina moja ya mnyemeleaji aliyeruhusiwa. Yaani (a) na (b) za Darini ziko dukani zimeshaiva.

#17 Siyu_Chuma
Bei mara mbili ni wazo zuri. Kwenye ile njia ya kununua sifa kwa pointi 27, Wepesi uwe ghali. Nani atakubali?

#18 Podo_Tupu
Hakuna.

#19 Mzee_wa_Baraza
Nimesoma kuanzia juu mpaka hapa. Ni vita gani hivi, na nani amekufa? Huyo kijana wa mashua amepona?

#20 Darini_Langoni
Shikamoo mzee. Hakuna aliyekufa, ni mchezo wa kusimulia. Mmoja anasimulia hadithi, wengine kila mtu ana mhusika wake, na jambo likiwa na shaka tunatupa dadu.

#21 Mzee_wa_Baraza
Marahaba. Dadu sizipendi, na mnajua kwa nini. Bao halina bahati, ukifungwa umefungwa na akili yako. Lakini kama ni hadithi endeleeni.

#22 Darini_Langoni
Mzee umenikumbusha. Nyumba tunayochezea babu mwenye nyumba naye hataki kuziona, na sisi hatubishani na mwenye dari. Kwa hiyo tunachomoa vipande vya mbao vyenye namba 1 hadi 20 kutoka mfuko wa kanga. Mimi naziita dadu kwa mazoea tu.

#23 Fundi_wa_Namba
SIMAMA HAPO. Kipande kikishachomolewa mnakirudisha?

#24 Darini_Langoni
Hapana, tunasubiri mfuko uishe ndiyo tunarudisha vyote. Inaokoa muda.

#25 Fundi_wa_Namba
Ya Rabi. Ndugu yangu, hizo hesabu zote za #5 zifute. Mfuko wenu hauna bahati, una *deni*. Kila vipande ishirini lazima 20 itoke mara moja na 1 itoke mara moja. Anayehesabu vilivyotoka anajua kilichobaki. Nina swali kwa Podo: unapotumia ile -5 kwa +10, unaitumia lini?

#26 Podo_Tupu
Sijibu bila wakili.

#27 Mkomani_Juu
😂😂 Amenaswa kama kamba mtegoni. Kumbe Wepesi haukuwa kwenye karatasi, uko vidoleni.

#28 Darini_Langoni
Subirini. Kwa hiyo mwaka mzima huyu anasubiri namba ndogo zitoke kwanza?

#29 Podo_Tupu
Mwaka mzima hapana. Tangu Ramadhani.

#30 Galana
Mimi nirudi kwenye (c), kwa sababu huko nyuma mmepita haraka. Nani aliwadanganya kwamba upinde ni silaha ya watu wepesi? Mimi kwetu ni bara ya Malindi, upande wa mto. Wawaata waliwinda ndovu kwa upinde na mshale wa sumu, mpaka serikali ya kikoloni ilipowakamata na kuwafunga miaka ya 1950. Upinde wao mtu wa kawaida haukunji. Babu yangu alikuwa akisema ukipewa uuvute mbele ya watu ni kutafutwa kuaibishwa. Sumu ndiyo iliyoua, lakini ngozi ya ndovu ilitobolewa na mabega.

Wazungu nao ni hivyo hivyo. Meli Mary Rose ilizama 1545 mbele ya mfalme wao, ikainuliwa 1982, na ndani walikuta pinde zaidi ya mia moja. Waliozipima wakakadiria uvutaji wake ratili 100 hadi 185 hivi. Kuna mifupa ya mabega humo iliyobadilika umbo, na inadhaniwa ni kwa kuvuta tangu utotoni. Sasa niambie mhusika wa Nguvu 8 anavuta nini. Ulimbo?

Kwangu kanuni ingekuwa hivi: upinde mfupi, sawa, Wepesi. Upinde mrefu, Nguvu 13, na chini ya hapo unatupa kwa hasara. Hakuna kugusa madhara, mtawa wa mwalimu anabaki mzima.

#31 Siyu_Chuma
Na Liyongo je? Mmekaa Amu mnajadili upinde kurasa mbili hakuna aliyemtaja Fumo Liyongo! Mtu mwenye nguvu za kutisha, na silaha yake ni uta, upinde huohuo.

#32 Mkomani_Juu
Ehee. Na kikoa cha makoma: kila mtu zamu yake apande mkoma aangushe matunda, na shauri lilikuwa zamu ya Liyongo ikifika wamfume akiwa juu. Yeye akasimama chini akayapiga makoma kwa mvi (mishale) mpaka yakawatosha wote. Hiyo ni Nguvu au Wepesi?

#33 Mama_Mahamri
Hiyo ni Akili. Alijua wanamngojea juu.

#34 Mgeni_Tanga
Liyongo si mfano wa mizani, mkuu. Huyo ana 20 kila mahali. Ni mhusika aliyetengenezwa nyumbani peke yake halafu akaja nao mezani anasema "nilitupa dadu, Wallahi". Ndiyo maana maadui zake walishindwa wakamuua kwa hila.

#35 Siyu_Chuma
Si maadui zake walioshika sindano, ni mwanawe. Sindano ya shaba, kitovuni, amelala. Mizani ya msimulizi hiyo: ukiona kinga haipenyeki, tengeneza tundu moja.

#36 Mama_Mahamri
Na hata alipokufa alikuwa amepiga goti, uta umevutwa, na watu wakaogopa kwenda kisimani wakidhani yu hai. Podo, ukifika hapo tutakuachia kipaji chako.

#37 Mzee_wa_Baraza
Sasa naelewa mnachosema. Lakini hiyo ya nguvu na wepesi kuvitenga mbali mbali ndiyo kosa lenu la kwanza. Tazameni kirumbizi siku za Maulidi. Kijana mwenye misuli akiingia na fimbo akitaka kuvunja, mzee mkavu humgonga kichwani akateka umma wote. Lakini mzee huyo mkono wake si dhaifu, fimbo haitetemeki. Mwenye wepesi bila nguvu fimbo humtoka, na mwenye nguvu bila wepesi hukutana na hewa. Nyinyi mmekata mtu mmoja vipande viwili halafu mnabishana kipande kipi kizito.

#38 Fundi_wa_Namba
Mzee amesema kitu, na kuna mfumo wa namna hiyo: RuneQuest, zamu ya kupiga inategemea Wepesi, ukubwa wa mwili na silaha, kwa pamoja. Ila hesabu yake inakula usiku mzima.

Halafu tukumbuke: hata kusukuma na kukaba, kazi zenyewe za mwenye Nguvu, toleo la 2014 linamruhusu anayesukumwa ajitetee kwa riadha (Nguvu) au kwa sarakasi (Wepesi), achague mwenyewe. 2024 ni hivyo hivyo, anajiokoa kwa Nguvu au Wepesi. Ningebadilisha hapo tu. Ukisukumwa unajitetea kwa Nguvu. Hutaki, usisimame karibu.

#39 Mgeni_Tanga
Zamani ilikuwa nafuu. Toleo la kwanza kabisa la 1974, Wepesi ulisaidia kurusha tu. Nguvu ndiyo ilikuwa mfalme.

#40 Siyu_Chuma
Hapana mkuu. Mwaka 1974 Nguvu haikukuongezea kulenga wala madhara. Ilimpa mpiganaji uzoefu wa haraka zaidi, hayo mengine yalikuja na nyongeza za baadaye. Kama ni kurudi zamani, rafiki yake Darini angekuwa na hali mbaya zaidi.

#41 Mgeni_Tanga
Nimekubali kusahihishwa. Tanga tuna adabu.

#42 Darini_Langoni
Nasoma zote. Msimamo wangu mpaka sasa: mishale ihesabiwe (Podo, podo lako lina 20, si bahari), ramani ziwe za vichochoro, kusukuma ni Nguvu kwa Nguvu, (c) ya Galana tuijaribu. (a) naiweka kando kwa heshima ya mtawa nisiyemjua. Vipande vya mbao virudishwe mfukoni kila mara.

#43 Podo_Tupu
Kanuni tano kwa ajili ya mtu mmoja ambaye hata hayupo. Mmemuuliza yeye?

#44 Deheni_na_Kalafati
Yupo. Nimetumiwa uzi huu na binamu. Mimi ndiye "rafiki aliyewakimbia".

Darini, ndugu yangu, ulijua vipi nimekimbia? Nilikuambia napaka deheni, na nilikuwa napaka deheni. Ilikuwa bamvua, maji makuu. Bamvua hapa petu maji hutoka saa nne, asubuhi na usiku. Asubuhi mjomba alikuwa hospitali, ikabaki usiku. Chombo kinakaa mchangani masaa machache, usipopaka hapo unangoja siku kumi na nne. Mtoto wa Amu unaandika "Usiku!" na alama ya mshangao, huoni haya? Watu wa Pate na Mombasa waliokuja kupigana Shela bila kujua maji yanatoka saa ngapi mnajua yaliyowapata, vyombo vilikwama mchangani, tangu miaka ya 1810 huko inasimuliwa.

#45 Mkomani_Juu
Darini amepigwa bila dadu ya kujiokoa.

#46 Darini_Langoni
Niwie radhi. Kweli sikutazama mwezi.

#47 Deheni_na_Kalafati
Yameisha. Na kuhusu Wepesi: sina neno na Wepesi. Hao wanapiga toka mbali, mimi nakimbia, ni sawa, hata mashindano ya majahazi kuna anayechelewa kugeuza tanga. Kinachoniudhi ni milango. Mhusika wangu ana Nguvu 17. Kila tukifika mlango uliofungwa, kabla sijafungua mdomo, Podo anasema "nafungua kufuli kwa Wepesi". Mnatoka upande wa pili mimi bado nimeshika upanga. Mwezi mzima sijavunja kitu. Mlango mmoja. Mmoja tu, tena wa mti, ule wa nakshi nitauacha, usije ukasema nimeharibu urithi.

#48 Mama_Mahamri
Milango! Tumeandika habari za ndovu na meli ya Mwingereza, mtu alitaka mlango.

#49 Galana
Bado naona Nguvu 13 kwa upinde mrefu ni haki.

#50 Fundi_wa_Namba
Mlango hautatui zile futi 120. Akivunja mlango akatoka uwanjani, tumerudi #5.

#51 Mkomani_Juu
Akitoka kwa mlango atokee kichochoroni. Mara ngapi niseme?

#52 Podo_Tupu
Mimi naweza kumwachia milango. Kipaji siachi.

#53 Darini_Langoni
Deheni, Alhamisi hii maji ni mafu, nimetazama mwezi mara hii. Njoo. Nimechora mui mzima, kuta nene, na milango kumi na moja, yote imefungwa kwa komeo la ndani ambalo halina tundu la ufunguo.

#54 Podo_Tupu
Komeo la ndani... dari ya nyumba hiyo iko wazi? Nauliza tu. Nina kamba.

#55 Fundi_wa_Namba
Kupanda kwa kamba ni riadha. Nguvu.

#56 Podo_Tupu
Nani aliandika mchezo huu?

#57 Mzee_wa_Baraza
Na mtawa amefikia wapi?